Kuishi na Kipandauso: Namna ya Kutunza Hali ya Moyo Pamoja na Kichwa

Mtu mwenye kipandauso, yaani mashambulizi ya kujirudia ya maumivu makali ya kichwa, huambiwa mambo mawili yanayopingana kuhusu hisia zake. Wapo wanaomwambia kwamba kichwa kinamuuma kwa sababu ana mawazo mengi, na kwamba akiacha kuwaza atapona. Wapo pia, wakiwemo wahudumu wa afya wenye haraka, wanaompa vidonge bila kumuuliza kama analala vizuri, kama bado anafurahia yale aliyokuwa akiyafurahia, au kama anaianza kila siku kwa hofu. Wale wa kwanza wanamlaumu mgonjwa kwa ugonjwa wake, na hawa wa pili wanaacha sehemu kubwa ya mateso yake bila tiba. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na neva, ambao mara nyingi hufuata ukoo, wala hautokani na udhaifu wa nafsi. Hata hivyo, baadhi ya maeneo ya ubongo na baadhi ya kemikali zake, kama vile serotonini, hushughulika na maumivu na papo hapo hushughulika na huzuni, hofu na usingizi. Ndiyo maana mambo haya hayaachani.

Uhusiano huo huenda pande zote mbili. Watu wenye kipandauso hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, na wasiwasi mkubwa kwa kiwango kinachofikia mara mbili au zaidi ya wasio nacho, na mwenye sonona naye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanza kuumwa kipandauso. Tena sonona ni miongoni mwa mambo yanayoweza kukigeuza kipandauso cha mara mojamoja kuwa sugu, yaani cha siku 15 au zaidi za maumivu kwa mwezi. Kwa hiyo kutunza hisia ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kunastahili mpango kama dawa zinavyostahili.

Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye daktari amekwisha kumthibitishia kwamba ana kipandauso. Ikiwa maumivu yamekuja ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, au yameambatana na homa na shingo kukakamaa, kupooza upande mmoja, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, au kama ni maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50, hilo si jambo la kusomea nyumbani. Nenda hospitali bila kuchelewa.

Jifunze kuzitambua hisia zinazotangulia shambulio

Kwa watu wengi shambulio huanza kabla ya maumivu. Saa kadhaa, na pengine siku moja au mbili kabla ya kichwa kuuma, shughuli za ubongo huanza kubadilika, hasa katika sehemu ya ndani iitwayo haipothalamasi, inayoratibu usingizi, njaa na kiu. Mgonjwa hujikuta akipiga miayo mfululizo, shingo inakaza, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, anatamani chakula fulani, anakereka kwa jambo dogo, au anataka kulia bila kujua kinachomliza. Wachache huchangamka kupita kawaida yao na kufanya kazi za siku mbili kwa siku moja.

Asiyejua hili husema baadaye, "Niligombana na mume wangu, ndipo kichwa kikaanza," kisha hujilaumu kwa ugomvi na kwa maumivu pia. Huenda ni kweli kwamba ugomvi ulichangia. Lakini inawezekana vilevile kwamba shambulio lilikuwa limeanza tangu asubuhi, ukali ule ukawa dalili yake ya kwanza, na ugomvi ukawa tunda lake. Kwa maoni yangu hakuna elimu inayompunguzia mgonjwa mzigo wa kujilaumu kama hii, na ni ajabu kwamba watu wengi huishi na kipandauso miaka mingi bila mtu yeyote kuwaeleza.

Elimu hiyo ina kazi ya kufanya. Ukishajua kwamba kwako hasira za karibu au huzuni ya ghafla ni tahadhari, zichukulie hivyo zinapotokea: kula kwa wakati, kunywa maji, punguza mwanga na kelele, ahirisha mazungumzo mazito yanayoweza kungoja hadi kesho kutwa, na hakikisha dawa yako ya shambulio iko karibu, kwa kuwa hufanya kazi vizuri zaidi inapomezwa maumivu yakiwa bado madogo. Waambie pia walio karibu nawe. Sentensi fupi kama "Leo naona dalili, nivumilieni" huokoa mengi.

Baada ya maumivu kuisha, hisia bado hazijarudi mahali pake. Kwa siku moja, na wakati mwingine mbili, mtu huwa mchovu, fikra zake huwa nzito, na moyo huwa chini. Siku hiyo isitumike kupima maisha yako. Usifanye uamuzi mkubwa kuhusu kazi au ndoa, na usijaribu kumaliza viporo vyote vya kazi kwa mkupuo ili kufidia muda uliopotea, kwa sababu mbio hizo zinaweza kukurudisha kitandani.

Weka daftari la kichwa na la moyo

Madaktari wengi hushauri kuandika siku za maumivu. Ongeza safu moja tu: hali ya moyo, yaani jinsi unavyojisikia kihisia. Ipe alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni siku mbaya kabisa na 10 ni siku njema kabisa, mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku. Jambo la lazima ni kuandika hata siku ambazo kichwa hakiumi, kwa kuwa hizo ndizo zitakazokuonyesha hali yako ya kawaida. Kurasa za siku mbili zinaweza kuonekana hivi:

"Jumanne. Nililala saa 5 usiku, nikaamka saa 10 alfajiri. Saa 2 asubuhi: moyo 4, nakereka, miayo mingi, shingo nzito. Saa 9 alasiri: maumivu upande wa kushoto, 6 kati ya 10, kichefuchefu. Saa 9:20 nimemeza ibuprofeni. Saa 2 usiku: maumivu 2, moyo 3. Jumatano. Hakuna maumivu. Asubuhi moyo 3, uchovu. Usiku moyo 6."

Usilisome daftari kila jioni ukitafuta kosa lako. Ngoja miezi miwili au mitatu, kisha ulisome lote kwa pamoja. Ukiona kwamba alama za moyo hushuka saa chache kabla ya maumivu na kupanda tena yakiisha, kama ilivyo hapo juu, basi huko kushuka kwa kiasi kikubwa ni sehemu ya shambulio. Ukiona kwamba moyo uko chini hata katikati ya wiki nzima isiyo na maumivu, hilo ni tatizo la pili linalohitaji tiba yake, nalo limeelezwa baadaye. Wanawake waandike pia siku za hedhi, kwa sababu kushuka kwa homoni ya estrojeni karibu na hedhi huleta mashambulizi kwa wengi wao, na siku hizohizo moyo nao huweza kuyumba. Kama kuandika kunakuzidishia wasiwasi, andika usiku tu, kwa mstari mmoja. Daftari pungufu linaloendelea lina faida kuliko daftari kamili lililoachwa baada ya wiki.

Shusha msongo taratibu

Wenye kipandauso wakiulizwa kinachowaletea mashambulizi, msongo wa mawazo huwa miongoni mwa majibu ya kwanza. Kisichojulikana sana ni kwamba hatari haipo kwenye kilele cha msongo peke yake. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2014, ambamo wagonjwa walirekodi msongo wao kila siku, ulionyesha kwamba uwezekano wa shambulio uliongezeka katika saa zilizofuata baada ya msongo kupungua. Hilo linaeleza kwa nini mtu anaweza kuvumilia wiki nzima ya mitihani au ya mahesabu ya mwisho wa mwaka akiwa mzima, kisha akaangushwa na kichwa asubuhi ya mapumziko aliyoyasubiri kwa hamu.

Msongo, basi, ushushwe kama mzigo mzito wa kichwani, kwa kuinama polepole, wala usibwagwe. Katika siku za kazi nyingi, jipe vipumziko vifupi vya dakika chache kabla hujachoka kabisa, usivilimbikize vyote mwisho. Siku ya kwanza ya mapumziko, amka saa ileile unayoamka siku za kazi, au karibu nayo. Kula saa zilezile. Na kama unakunywa kahawa kila siku, usiiache ghafla siku hiyo, kwani kuikosa kwenyewe huleta maumivu ya kichwa. Ubongo wenye kipandauso hupenda ratiba isiyoyumba, na usingizi ndio nguzo ya ratiba hiyo, kwa kichwa na kwa moyo.

Mazoezi ya kulegeza mwili ni silaha nyingine, na yanahitaji kuelezwa kwa urefu kwa sababu mengi yanayoandikwa kuyahusu huishia kwenye neno "tulia". Keti kwenye kiti chenye mahali pa kuegemea, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe kwa kuhesabu hadi 6, mara tano au sita. Kisha kunja ngumi za mikono yote miwili kwa nguvu kwa takriban sekunde 5, ufahamu jinsi misuli ilivyokaza hadi kwenye kigasha, halafu ziachie mara moja na uiache mikono ilale mapajani kwa sekunde 15 hivi, ukizingatia tofauti unayoihisi. Fanya hivyo kwa mabega, kwa kuyapandisha kuelekea masikioni na kuyaachia. Kisha paji la uso, taya, tumbo, mapaja na vidole vya miguu. Taya na mabega yapewe muda zaidi, kwa kuwa huko ndiko watu wengi hukaza misuli siku nzima bila kujua. Ukiwa na shambulio, usikaze uso wala shingo. Legeza tu na kupumua.

Fanya zoezi hilo dakika 15 kila siku, na ulifanye siku ambazo hujambo. Wengi hulijaribu kwa mara ya kwanza kichwa kikiwa kinagonga, wanaona halisaidii, na wanaliacha. Hili ni zoezi la kinga: mwili unajifunza njia ya kulegea katika siku za amani ili uweze kuipata siku ya taabu. Mbinu za namna hii, pamoja na tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mienendo, zimefanyiwa utafiti kwa miongo mingi kama kinga ya kipandauso. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wagonjwa wenye mashambulizi ya mara kwa mara waliopewa dawa ya kinga pamoja na mafunzo ya mienendo ya kukidhibiti kipandauso walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Mazoezi ya viungo nayo yana nafasi yake. Nchini Uswidi, utafiti wa mwaka 2011 uliwapa wagonjwa mazoezi ya dakika 40 mara tatu kwa wiki, na matokeo yao katika kupunguza mashambulizi yalilingana na ya waliofundishwa kulegeza mwili na ya waliotumia topirameti, mojawapo ya dawa za kuzuia kipandauso. Anza kwa kiwango cha chini na upande polepole, kwa sababu kujichosha ghafla kunaweza kukuletea shambulio.

Ikabili hofu ya shambulio lijalo

Kuna mateso ambayo daftari la maumivu haliyaonyeshi, nayo ni kuishi katika siku nzuri ukiingoja ile mbaya. Mgonjwa anakataa mialiko, haahidi chochote, anaacha chakula kimoja baada ya kingine, anaogopa taa, manukato, safari na hata kucheka sana. Nashauri kwa moyo wangu wote kwamba orodha ya vichocheo isiachwe igeuke kuwa gereza. Kinachothibitika katika daftari kwa kujirudia kiepukwe. Kinachoogopwa tu kijaribiwe upya, kimoja kimoja, katika siku tulivu.

Hofu hiyo pia huwafanya watu wameze dawa kabla hata maumivu hayajaja, na hapa pana hatari halisi. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu, kama paracetamoli na ibuprofeni, zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zinaweza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa ya mara kwa mara. Kwa dawa za kundi la triptani (dawa maalumu za kutuliza shambulio la kipandauso), dawa za mchanganyiko (kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja) na zile za jamii ya opioidi (dawa kali za maumivu kama morfini), kiwango hicho ni siku 10 tu. Hesabu siku za dawa, si idadi ya vidonge, na ukikaribia mipaka hiyo mwone daktari ili mpange pamoja namna ya kupunguza.

Dawa ya hofu hii kwa sehemu kubwa ni maandalizi. Andika kwenye kikaratasi kidogo mpango wa siku ya shambulio: dawa ipi, kipimo gani, saa ngapi unaruhusiwa kurudia, nani wa kupigiwa simu, wapi utalala, nani atawachukua watoto. Kisha lijibu wazo la hofu kwa maneno yanayoaminika. Wazo likisema, "Nikienda harusini nitaumwa na kuwaharibia sherehe," jibu lisiwe "Hakuna kitakachotokea," kwa maana hulijui hilo. Jibu liwe, "Huenda nikaumwa; nikiumwa nina dawa, dada yangu anajua, na kuna chumba cha kupumzika." Moyo hautulizwi na ahadi usiyoweza kuitimiza.

Itambue sonona ilipoingia

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na haya yameambatana na kubadilika kwa usingizi na hamu ya kula, kujiona huna thamani, au kushindwa kufikiri, usiyahesabu yote kuwa ni uchovu wa kichwa. Vituo vingi vya afya hutumia dodoso la maswali 9 linalotoa alama 0 hadi 27, na kwa kawaida alama 10 au zaidi huhitaji uchunguzi wa karibu. Unaweza kumwomba mhudumu wa afya akupe. Yakikujia mawazo ya kujiua, usingoje miadi wala usikae peke yako: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, mwende hospitali. Mawazo hayo huwajia wenye kipandauso zaidi ya watu wengine, na kuyasema si aibu.

Upande wa dawa una mambo ya kuzungumza na daktari kwa uwazi. Amitriptilini na venlafaksini ni dawa za sonona zinazotumika pia kuzuia kipandauso, lakini amitriptilini ya kipandauso hutolewa kwa kipimo kidogo ambacho kwa kawaida hakitoshi kutibu sonona, hivyo usidhani kwamba umetibiwa yote mawili. Kwa upande mwingine, topirameti na flunarizini, ambazo pia huzuia kipandauso, zinaweza kuushusha moyo. Aliyewahi kuwa na sonona amwambie daktari kabla ya kuzianza, na aliyekwisha kuanza aripoti mabadiliko mapema. Wengi hutumia triptani pamoja na dawa za sonona bila madhara, ila daktari na mfamasia wajue kwamba unatumia zote mbili. Usiache dawa ya sonona ghafla kwa sababu tu unajisikia nafuu.

Watu wa nyumbani na wa kazini

Maumivu yasiyoonekana huzaa shaka, na shaka humtenga mgonjwa. Mweleze mwenzi wako siku ambayo hujambo, si katikati ya shambulio, na umwambie jambo mahususi la kufanya: kufunga mapazia, kuleta maji, kunyamazisha redio. Mtoto naye huweza kudhani kwamba kelele zake ndizo zilizomlaza mzazi kitandani. Mwambie, "Mwanangu, kichwa cha mama kinaumwa ugonjwa wake, si wewe uliyekiumiza, na kesho tutacheza." Kazini omba mambo madogo yanayowezekana, kama vile kukaa mbali na taa kali au kufidia saa ulizokosa, badala ya kungoja hadi utoro uonekane kuwa uvivu.

Dawa nyingi za kinga hupimwa baada ya miezi miwili au mitatu kwa kipimo kinachotosha, na kipindi hichohicho kinafaa kupima juhudi za upande wa moyo. Unaporudi kwa daktari, peleka hesabu tatu kutoka daftarini: siku za maumivu, siku za dawa, na siku ambazo moyo ulikuwa chini ya 5. Zikipungua zote, endelea kama mlivyopanga. Kama maumivu yamepungua na moyo umebaki palepale, sema hivyo kwa maneno hayohayo na uombe tiba ya sonona au ya wasiwasi. Usikubali ziara iishe kwa kuambiwa kwamba kichwa kimepata nafuu. Na kama moyo umeinuka lakini siku za maumivu ni zilezile, dawa ya kinga au kipimo chake ndicho cha kuangaliwa upya.